Jumamosi ya Mpenda Kompyuta Kuukuu

Kama una kompyuta kuukuu mezani na siku nzima ya kuishughulikia, simu iache chumbani mpaka saa nne. Nasema hivi kwa sababu ya kifundi kabisa. Kukagua mazabodi, ile bodi kubwa inayobeba viungo vyote vya kompyuta, kunataka macho makali na mwanga wa jua. Maandishi ya mgongoni mwa chipu hayasomeki vizuri chini ya balbu, na kapasita iliyovimba kidogo tu kichwani utaigundua ukiitazama kwa ubavu karibu na dirisha. Mwanga huo na utulivu huo unapatikana asubuhi. Ukianza na mitandao ya kijamii, itafika saa sita umeshawatazama mafundi wa nchi za watu wakifufua mashine zao, na yako bado imefungwa skrubu zote.

Wala si udhaifu wa mtu. Kurasa hizo zimetengenezwa zisiwe na mwisho. Aza Raskin, mbunifu wa Marekani, ndiye aliyebuni mwaka 2006 mtindo wa ukurasa unaozidi kujipakia kadiri unavyoteremka, na baadaye alieleza hadharani kwamba anaujutia. Mtindo huo uliondoa mahali pa kusimama, kwa hiyo pa kusimama inabidi upaweke mwenyewe. Njia ninayoiamini ni kushika simu ukiwa tayari na swali lililoandikwa kwenye karatasi. Swali hilo litatoka kwenye mashine, na ndiyo maana mashine inatangulia.

Mashine ipi? Ukiwafuatilia wapenzi wa kompyuta za kale wa Ulaya na Marekani utawaona na Commodore 64 ya mwaka 1982 au IBM PC ya 1981, na utatamani nawe uwe nayo. Kwetu hizo ni adimu, na sababu ipo. Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, na ilichukua miaka mingi mlango huo kufunguka tena. Wakati watoto wa Uingereza wanajifunza kuandika programu sebuleni kwao, Dar es Salaam kompyuta ilikuwa kitu cha ofisi chache. Zilizokuja kuingia kwa wingi ni za mwishoni mwa miaka ya 1990 na kuendelea: kwanza Pentium za intaneti kafe, kisha mtumba wa maofisi ya Ulaya, Marekani na Dubai. Hiyo ndiyo historia yetu ya kompyuta, na ndiyo iliyojaa kwenye stoo za shule, kwenye vibanda vya Kariakoo na kwenye maduka ya barabara ya Luthuli jijini Nairobi. Anza nayo. Fedha ya kuagiza Commodore kutoka ng'ambo pamoja na usafiri wake inatosha kununua mashine na spea zake hapa hapa, na utajifunza mengi zaidi.

Kwa anayeanza napendekeza laptopu za kikazi za kati ya mwaka 2008 na 2013: ThinkPad za Lenovo, Latitude za Dell, EliteBook za HP. Zilitengenezewa makampuni yenye mafundi wao, kwa hiyo zinafunguka kwa bisibisi ya kawaida, RAM na diski zinachomoka, na vitabu vya ufundi vinavyoonyesha kila skrubu vilitolewa wazi na watengenezaji wenyewe. Laptopu nyembamba za siku hizi nyingi RAM yake imelehemewa kwenye bodi. Ikifa hiyo, kazi imekuwa kubwa.

Kabla hujatoa fedha, iwashe mbele ya muuzaji na uingie kwenye BIOS: F1 kwa ThinkPad, F2 kwa Dell, F10 kwa HP. Ikidai neno la siri, iache hata kama bei inavutia. Zipo mashine zilizotoka ofisini zikiwa zimefungwa kwa neno linalojulikana na mtu aliyebaki huko huko, na kulitoa ni kazi ya kugusa chipu yenyewe. Tazama na betri. Ikiwa imetuna hata kidogo, iondoe na usiitumie tena, na usithubutu kuitoboa wala kuikandamiza irudi mahali pake, kwa sababu lithiamu hushika moto kwa ghafla.

Huu pia ni wakati mzuri wa kununua. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisimamisha huduma ya kawaida kwa Windows 10, na Windows 11 inazikataa rasmi kompyuta zisizo na chipu ya usalama ya TPM 2.0, pamoja na nyingi ambazo prosesa yake ya Intel ni ya kabla ya kizazi cha 8. Maofisi yanaziondoa mashine hizo zikiwa nzima. Hazina ubovu wowote. Zimekosa tu Windows mpya inayozikubali, na mifumo endeshi mingine ipo, ya bure.

Kompyuta ya mezani ina hatari yake, na hii naisisitiza kuliko nyingine zote. Pawa saplai nyingi za zamani zina swichi ndogo mgongoni, aghalabu nyekundu, yenye namba 115 na 230. Umeme wetu ni wa volti 230. Mashine iliyotoka Marekani huenda swichi yake iko kwenye 115, na ukiichomeka hivyo ukutani utasikia mlio na harufu ya kuungua, basi. Isukume kwa ncha ya bisibisi kabla waya haujagusa soketi. Kama hakuna swichi, soma kibandiko: kikisema 100-240V, inajirekebisha yenyewe, kikisema 115V peke yake, inahitaji transfoma. Ndani ya pawa saplai usiingie, maana kapasita zake kubwa hubaki na chaji hata baada ya kuchomolewa. Skrini za chogo nazo zina maelfu ya volti ndani yake, hivyo kuzifungua mwachie fundi wa televisheni aliyezizoea.

Ukishafungua kasha, vumbi litoe kwa brashi laini ya rangi huku umezuia feni kwa kidole isizunguke. Kisha zitazame kapasita moja moja. Mashine nyingi za kati ya 1999 na 2007 zilitoka kiwandani na kapasita zenye kimiminika kibovu, na dalili yake ni kichwa kilichovimba au utomvu wa kahawia uliokauka. Kuzibadilisha kunawezekana: uwezo ule ule, volti ile ile au zaidi, upande wa hasi uelekee ulikokuwa. Lakini hiyo ni kazi ya mtu ambaye ameshalehemu bodi chache za kujifunzia, zile zilizokwisha kufa, ambazo vibandani hupewa kwa bei ya chini au bure.

Kosa moja nataka nilieleze kwa karibu, kwa sababu limepeleka stoo kompyuta nyingi zisizo na ugonjwa. Mashine inawaka, inalia mlio mmoja, inakutaka ubonyeze F1 ili iendelee. Ukiingia ndani, saa inasema ni tarehe 1 Januari ya mwaka wa nyuma sana, labda 2007. Unafungua kivinjari, na kila tovuti unayoiita inakuja na onyo kwamba si salama. Mwenye mashine anasema ina virusi, au intaneti imeharibika. Kilichoharibika ni betri ndogo bapa, CR2032, iliyokaa kwenye mazabodi. Kazi yake ni kuitunza saa na mipangilio umeme unapozimwa. Ikiisha, kompyuta inasahau. Na kwa kuwa kila tovuti salama ina cheti cha kidijitali chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, mashine inayoamini kwamba sasa ni 2007 inaona vyeti vyote bado havijaanza kutumika, na inavikataa.

Kuitengeneza ni hivi. Chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili chaji iliyobaki iishe, gusa chuma cha kasha ili umeme tuli ukutoke mwilini. Sukuma kilimi cha chuma kilicho pembeni mwa betri. Itaruka juu yenyewe. Ipime kwa mita: mpya inatoa volti 3 au zaidi kidogo, na ikishuka chini ya 2.7 mimi huibadilisha bila kusitasita. Weka nyingine, alama ya kujumlisha ikiwa juu, washa, ingia BIOS, rekebisha tarehe. Usitoke humo bado. Betri ilipokufa, mipangilio mingine nayo ilirudi ya kiwandani, na mmojawapo ni namna kompyuta inavyozungumza na diski: inaweza kuwa ilikuwa AHCI ikarudi IDE. Windows iliyosakinishwa kwenye AHCI ikikutana na IDE inaweza kugoma na kutoa skrini ya bluu, na hapo wengi hufuta kila kitu na kusakinisha upya bila sababu. Badilisha huo mpangilio mmoja, ijaribu, ndipo uamue.

RAM ndiyo inayofuata. Ichomoe, sugua meno yake ya rangi ya dhahabu taratibu kwa raba ya penseli, pangusa unga wake, irudishe mpaka vishikizo vyote viwili viseme. Kompyuta nyingi zenye kioo cheusi huamka kwa hilo peke yake, hasa kwetu pwani ambako unyevu wa chumvi haulali. Ukitaka kuongeza, kumbuka DDR2, DDR3 na DDR4 haziingiliani. Pengo kwenye meno liko mahali tofauti, na anayelazimisha huvunja. Kisha weka Memtest86+ kwenye flashi na uiache ipime RAM kwa saa kadhaa wewe ukiendelea na mengine.

Fedha ikiruhusu kununua kitu kimoja tu, iwe SSD, diski isiyozunguka, ya inchi 2.5 ya SATA. Diski ya zamani inayozunguka mara 5,400 kwa dakika ndiyo inayofanya watu waseme kompyuta imezeeka. Ile ile mashine ya prosesa ya Core 2 Duo, ikipewa SSD na RAM ya GB 4, inakuwa chombo cha kufanyia kazi: kuandika, hesabu za duka, barua, masomo ya programu.

Mfumo endeshi uchague kwa umri wa prosesa na wingi wa RAM. Yenye biti 64 na GB 4, Linux Mint ya Xfce inaitosha. Iliyo chini ya hapo iandalie antiX, au Puppy Linux, aliyoianzisha Barry Kauler wa Australia mwaka 2003 kwa lengo la kuendesha kompyuta dhaifu. Pentium 4 za mwanzo ni za biti 32 tu, na hapa njia inazidi kuwa nyembamba: Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kisakinishi cha biti 32 kwa kompyuta za aina hii, kwa hiyo hakikisha toleo unalopakua bado linazihudumia. Windows XP iachie michezo na programu zake za zamani, lakini isiguse intaneti; Microsoft iliacha kuiziba matundu tarehe 8 Aprili 2014. Na ukifungua diski za zamani za mashuleni, angalia kama humo imo Jambo OpenOffice, ile programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili na mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2004. Ukiipata, ihifadhi nakala. Ni kazi ya watu wetu, na vitu vya namna hiyo hupotea kimya kimya diski zinapofutwa.

Faili la kusakinishia Linux Mint linakaribia GB 3. Lipakue kwa bando la usiku, lihakiki kwa namba ya SHA256 iliyo kwenye tovuti yake ili ujue halikukatika njiani, kisha litunze kwenye flashi na uwape wenzako. Kila mtu kupakua faili lile lile kwa bando lake ni hasara ya bure.

Baada ya hapo shika simu. Kufikia saa nne utakuwa na swali la kweli, na hapo ndipo mitandao inapokuwa msaada ambao vizazi vya mafundi kabla yetu havikuupata. Katika kundi la WhatsApp au la Facebook la mafundi kuna mtu wa Mwanza, wa Kisumu au wa Bujumbura aliyekwisha kukutana na bodi kama yako. Lakini atakusaidia kwa kadiri ulivyouliza. "Wakuu, laptopu yangu haiwaki, msaada" halijibiki. Linalojibika ni la namna hii: "Nina Dell Latitude E6410. Nikiwasha, taa ya pawa inawaka na feni inazunguka, kioo kinabaki cheusi, taa ya Caps Lock inapepesa. Jana nilibadilisha RAM, toka GB 2 kwenda GB 8. Nimerudisha ile ya zamani, hali haijabadilika. Skrini ya nje kwa VGA nayo nyeusi. Nipime nini sasa?" Hapo kuna jina la mashine, dalili, kilichobadilika karibuni, na yaliyokwisha jaribiwa. Ongeza picha mbili, moja ya kibandiko cha chini na moja ya bodi, zilizopigwa dirishani bila mkono kutikisika. Kisha weka simu chini ukaendelee na kusafisha feni. Majibu hayaharakishwi kwa kuyakodolea macho.

Majibu yakija, mwamini zaidi anayekutaka upime kuliko anayekutaka ununue. Video fupi zipokee kwa tahadhari kubwa. Zipo zinazofundisha kuoka mazabodi kwenye jiko la umeme, au kuichoma kwa hewa ya moto bila kipimo, ili chipu ishike tena. Wakati mwingine mashine huwaka kwa siku chache, video inapigwa, na mtazamaji hajui kwamba wiki iliyofuata ilikufa moja kwa moja. Tena jiko lililooka bodi yenye risasi na kemikali ndilo litakalopika chakula cha watoto. Usifanye.

Jambo jingine la mitandaoni linaniuma kweli. Diski ya mtumba mara nyingi huja na maisha ya mtu: picha za harusi, vyeti vya hospitali, hesabu za ofisi, barua. Nimeona watu wakizitundika mtandaoni ili kuchekesha. Yule mtu hakukuuzia hayo. Yafute bila kuyapekua. Kwa diski ya kuzunguka, andika sifuri diski nzima kwa programu kama nwipe, na kwa SSD tumia amri ya kufuta iliyomo ndani yake. Fanya hivyo hivyo kwa za kwako siku ukiuza.

Tatizo likitatuka, rudi kwenye kundi lile lile useme lilikuwa nini, hata kama jibu ulilipata mwenyewe. Hapa wengi wetu tunapungukiwa. Makundi yamejaa maswali yaliyokatika: mtu aliuliza, akasaidiwa, akanyamaza, na mwenye tatizo hilo hilo miezi sita baadaye hajui kipi kilifaa. Sentensi mbili zinatosha, kwa Kiswahili, zikitaja jina la mashine ili ziweze kutafutwa. Maarifa mengi ya ufundi huu yapo kwa Kiingereza, na kijana wa kidato cha pili anayefungua kompyuta yake ya kwanza leo anahitaji kuyakuta kwa lugha anayoifikiria.

Hiyo mashine iliyofufuka usiifanye ya kuperuzia. Kurasa za mitandao ya kijamii za sasa ni nzito kwa GB 2 za RAM, itahema, utaichukia. Kaa na simu kwa hilo, kwa muda ulioupanga, na kompyuta ipe kazi zinazoifaa. Weka Kiwix, programu inayokuwezesha kusoma Wikipedia, ya Kiswahili ikiwemo, bila intaneti. Ikishapakuliwa, bando halihitajiki tena. Kompyuta ya mwaka 2009 yenye Kiwix, LibreOffice na zana za Python ni maabara ya kutosha kwa mtoto wa jirani.

Halafu maliza hiyo kabla hujanunua nyingine. Chumba chenye mashine sita zilizofunguliwa nusu, skrubu zimechanganyika, hakina kompyuta hata moja. Betri zilizotuna na bodi zilizokufa zikusanye kwenye ndoo yenye mchanga mkavu mbali na watoto, uzipeleke kwa wanaokusanya taka za kielektroniki. Waya usizichome ili kupata shaba, moshi wake una sumu. Kabla ya kufunga kasha, kata kipande cha karatasi, andika tarehe, aina na ukubwa wa RAM, diski uliyoweka, siku betri ya CR2032 ilipobadilishwa, na mpangilio wa diski, AHCI au IDE, uliouacha kwenye BIOS. Kibandike kwa ndani ya mfuniko kwa utepe unaong'aa, mahali ambapo fundi atakayefuata atakiona akitoa skrubu ya mwisho.